Uandishi wa habari za muziki Bongo: kazi, hela, bahasha, na majina ya wapigaji ambayo hatuyaandiki

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Vijana kadhaa wananiandikia pembeni wakitaka kujua uandishi wa habari za muziki ukoje, unalipaje na mtu anaanzia wapi. Nimeona nilimwage hapa hapa, wenye uzoefu waongeze na wenye maswali waulize. Nimekaa dawati la burudani gazetini, nikapita redioni, sasa naandika kwa kujitegemea hapa Dar.

Naanza na linaloniuma. Fungua ukurasa wowote wa burudani wa wiki hii. Utajua msanii kanunua gari gani, kaachana na nani, na nani kamjibu nani Instagram. Ngoma aliyoachia utaambiwa tu kwamba "inafanya vizuri". Nani kagonga biti? Gita kapiga nani? Kiitikio kaandika nani, na imerekodiwa studio gani? Hakuna. Kazi yetu kubwa ingekuwa hiyo, na ndiyo tunayoiruka.

Tuna mfano mzuri wa mtu aliyeifanya, naye ni Shaaban Robert. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Alifariki 1950, na leo tunaweza kumwelezea mtoto Siti alikuwa nani kwa sababu Shaaban alikaa naye, akamsikiliza, akaandika wasifu wake kwa Kiswahili. Waliokuja baadaye wengi hawakupata bahati hiyo. Ukitaka kusoma kwa kina habari za dansi na taarab ya Tanzania utaishia kwa Kelly Askew, ambaye kitabu chake kilitoka 2002. Ukitaka kuelewa biashara ya muziki wa Dar utakwenda kwa Alex Perullo, 2011. Ni watafiti makini, nawaheshimu sana. Ila vitabu vyao ni vya Kiingereza, na mtoto wa Magomeni ambaye baba yake alipiga kwenye bendi hizo hizo hajawahi hata kuviona.

Na muziki wetu ukiusoma juujuu unakupoteza. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadilika jina, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kikabadilika tena, ikawa OTTU Jazz. Leo ni Msondo Ngoma. Nimeona makala zikizitaja kama bendi nne! Muhidin Gurumo aliimba NUTA, akaenda Mlimani Park, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo, akafariki Aprili 2014. Usipojua nani alikuwa wapi mwaka gani, wimbo mmoja utaupachika kwenye bendi ambayo haikuupiga.

Nitaendelea na hela na bahasha. Ulizeni.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu umegusa penyewe. Mimi natuma stori za burudani kwa kujitegemea. Mhariri wangu ukimpelekea habari ya nani kapiga besi anakuuliza, "bifu liko wapi?" Na stori isipotoka silipwi. Nifanyeje?

Mleta uzi

Mkuu wa Mwanza, usipigane na mhariri kwa hotuba, utachoka bure. Jifunze anakata wapi. Nafasi ikibana mhariri hukata kutoka chini. Sasa sisi tuna tabia ya kuweka "wimbo umetayarishwa na fulani" aya ya mwisho kabisa, ndiyo inayotupwa kwanza. Litie jina la prodyuza ndani ya sentensi ya kwanza au ya pili, lifungamane na habari yenyewe. Kulitoa hapo itabidi aandike upya, na saa tatu usiku hana muda huo.

Pili, kwenye mahojiano usianze na bifu. Msanii akishaulizwa habari za ex wake, mlango umefungwa, utapata majibu aliyofundishwa na meneja. Anza na wimbo. Muulize mstari gani aliuandika akaufuta, nani alimwambia abadilishe kiitikio, sauti ya nyuma ni ya nani. Wasanii wengi hawajawahi kuulizwa hayo na wanayajibu kwa furaha. Humo humo utakuta habari ambayo hakuna mwenzako anayo, na mhariri ataipenda bila wewe kumfundisha kazi.

Mchangiaji, Dar

Hapo kwenye bahasha ndipo napasubiri. Tuambie ukweli.

Mleta uzi

Nasema ninavyoujua. Msanii au lebo inaita waandishi kuzindua albamu. Mnasikiliza, mnauliza, mnakula. Mwishoni kuna karatasi ya kusaini na bahasha ya "nauli". Nauli ya Posta hadi Sinza kila mtu anaijua, na kilichomo ndani kinaizidi mara nyingi. Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa 1995, lina kanuni za maadili zinazokataza jambo hili, na kila aliyesoma chuo alifundishwa.

Mbona linaendelea? Kwa sababu mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa stori iliyochapishwa, malipo yanachelewa, na bahasha moja inaweza kuzidi malipo ya stori yenyewe. Anayemlaumu kijana peke yake na kumwacha mwenye gazeti hajafika chumba cha habari. Hata hivyo msimamo wangu ni kutopokea. Ukishaichukua ya huyu, albamu yake ikiwa mbovu huwezi kuiandika mbovu. Utaandika "ni albamu ya aina yake" na msomaji mwenye masikio atakutambua siku hiyo hiyo.

Kibaya zaidi ni hela ya kupigiwa ngoma redioni. Bahasha ya gazetini inaharibu makala moja. Hii inaamua nchi nzima isikie nini. Binti wa Kigoma mwenye wimbo mkali na hana cha kutoa, hasikiki.

Mchangiaji wa redioni

Mkuu, nipo redioni mkoani, naomba niseme kidogo. Si watangazaji wote. Wengine tunapigania vijana wa hapa mpaka tunagombana na bosi. Na usisahau redio ndiyo iliyoutoa muziki wa vijana gizani. Kabla redio binafsi hazijaruhusiwa huku bara kulikuwa na Radio Tanzania ya serikali peke yake, na rap ya Kiswahili haikuwa na pa kupigwa. Radio One ilipoingia hewani 1994 ndipo mambo yakafunguka, na hata jina la bongo fleva linahusishwa na mtangazaji Mike Mhagama wa hapo. Kulikuwa na watu waliopiga kazi za vijana kwa mapenzi tu.

Mleta uzi

Nakubaliana nawe ndugu yangu, na asante kwa kuliweka wazi. Watangazaji wale walifanya kazi ya uandishi wa muziki hasa. Walichagua, wakaeleza kwa nini wamechagua, wakampa kijana asiyejulikana nafasi ya kusikika. Ninaowalaumu ni wanaouza nafasi hiyo.

Umenikumbusha Radio Tanzania, yaani RTD. Kwa miaka mingi bendi zilirekodi kwenye studio yake ya Barabara ya Pugu, tepu zikabaki hapo. RTD ikaingizwa kwenye taasisi mpya 2002, ikawa TBC, Shirika la Utangazaji Tanzania, 2007, na tepu zikarithiwa. Mwandishi anayetaka kuandika dansi ya miaka ya 70 aijue historia hiyo, maana sehemu kubwa ya kazi zile hazikutoka kwenye santuri kabisa, na zilizotoka nyingi zilipitia Nairobi. Nairobi nayo ina mtego wake. Simba Wanyika ya ndugu Kinyonga ilitoka Tanga ikahamia huko mwanzoni mwa miaka ya 70, 1978 wakachomoka waliounda Les Wanyika, halafu zikazuka Wanyika nyingine. Ukiandika "Wanyika" tu bila kusema ipi, umemwacha msomaji njia panda.

Mchangiaji, Unguja

Assalaam alaykum. Kaka, mie nataka kuongeza upande wa taarab, maana waandishi wa bara mnatuchanganyia. Wimbo wa taarab una watu watatu: mtunzi wa shairi, mtia muziki, na mwimbaji. Aghlabu ni watu mbalimbali. Nyinyi mnaandika "wimbo wa fulani" mkamtaja mwimbaji peke yake, na mtunzi amekaa kibarazani kwake anasoma gazeti halina jina lake. Huku kuna vikundi vyenye umri mkubwa. Ikhwani Safaa ni wa 1905, Culture Musical Club wa 1958. Wazee wa vikundi hivi wanazo kumbukumbu ukiwaendea kwa adabu. Na mwandishi kijana akitaka kujifunza japo kuzitambua ala, kipo chuo cha muziki cha Dhow Countries hapa Mji Mkongwe tangu 2002. Aje asikilize qanun na udi kwa karibu kabla hajaandika "vinanda vya mwambao".

Mleta uzi

Wa alaykum salaam dada yangu. Hili la watu watatu kila mwandishi inabidi alikariri. Na tukikutana huko Februari kwenye Sauti za Busara, Ngome Kongwe, nitafurahi.

Vijana, kama mna nauli ya kwenda mahali pamoja tu kwa mwaka, nendeni pale. Tamasha lilianza 2004 na sharti lake ni muziki wa kupigwa jukwaani, hakuna kuimba juu ya sidii. Mwaka 2016 lilishindikana kwa kukosa fedha, kisha likarudi, na hiyo peke yake ni habari ya kufuatilia: nani anaulipia muziki wetu. Omba kitambulisho cha waandishi mapema. Ukifika usisubiri usiku. Fika alasiri wanapojaribu sauti. Saa hizo meneja yuko bize na mafundi mitambo, wapigaji wamekaa wanasubiri zamu, na mpiga ngoma ambaye hakuna anayemuuliza kitu atakueleza bendi nzima ilivyoundwa. Wengi wanang'ang'ania chumba cha mikutano wanapata nukuu ile ile wote.

Mchangiaji, Tandale

Mbona singeli hamuitaji? Au na wewe ni wale wale?

Mleta uzi

Nilikuwa naielekea mkuu, na ni haki yako kuuliza kwa ukali.

Singeli ilikuwa inapigwa kwenye vigodoro, sherehe za usiku za mitaani, vya Manzese, Tandale na Mburahati kwa miaka, watoto wakijitengenezea biti kwenye kompyuta za kuungaunga, kasi ikivuka mapigo 200 kwa dakika. Kurasa zetu za burudani zikaiita fujo, muziki wa kihuni. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko kutoka Sisso Studio ya Mburahati. Hapo magazeti ya muziki ya Ulaya yakaanza kuichambua singeli biti kwa biti, na maprodyuza kina Jay Mitta na Bamba Pana wakawa majina yanayojulikana huko.

Fikirieni umbali. Mwandishi wa London kamjua prodyuza wa Mburahati, na mwandishi wa Kariakoo, ambaye ni nauli ya daladala moja, hamjui. Haikuwa ukosefu wa pesa wala vifaa. Tulichokosa ni heshima kwa watu wa uswahilini na udadisi wa kuuliza, "hii sauti umeitoaje?" Hata leo nenda kwenye kigodoro, uulize sampuli ile ni ya taarab ipi, nani alianza kuiongezea kasi, MC yupi alianza kuchana juu yake. Ipo kazi ya miaka kumi pale na haijaandikwa kwa Kiswahili.

Mchangiaji, Dodoma

Mkuu, nataka kufungua blogu ya muziki. Vibali vikoje?

Mleta uzi

Kwa kifupi: kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipotoka, ada zote kwa pamoja zilivuka shilingi milioni mbili, na blogu nyingi za muziki zilizokuwa zinaendeshwa na mtu mmoja chumbani zikafungwa. Kanuni zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, kwa hiyo pata nakala ya sasa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usome mwenyewe, usitegemee ya kuambiwa. Kuna pia ithibati ya mwandishi chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Na kabla hujaandika kwamba meneja kala hela za msanii, kumbuka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Uwe na nyaraka, siyo skrinshoti ya kutumiwa.

Mchangiaji, Mwanza

Na hela? Wewe unaishije?

Mleta uzi

Kwa kuchanganya. Magazeti ya hapa kwa stori. Majarida na redio za nje hulipa vizuri zaidi ukiwapelekea wazo lenye mtu, mahali na sababu ya kuandikwa sasa, siyo "nataka kuandika kuhusu bongo fleva". Matamasha huhitaji mtu wa kuandika maelezo ya wasanii kwenye kijitabu cha ratiba. Watafiti wanahitaji wa kuyaandika mahojiano waliyorekodi na kutafsiri mashairi. Wasanii nao hulipa mtu awaandikie wasifu. Hiyo kazi ni halali kabisa, ila niliyemwandikia wasifu simchambui gazetini, na mhariri namwambia kabla hajauliza.

Nikiri ni maisha ya kubana matumizi. Anayeingia humu kwa ajili ya utajiri aende kwenye umeneja.

Mchangiaji, Morogoro

Shikamoo mkuu. Babu yangu alipiga tarumbeta kwenye bendi ya shirika miaka ya 70. Yupo, ana akili timamu, ila nikimwambia "babu nisimulie historia yako" ananiambia dakika mbili tu anaanza habari za shamba. Nifanyeje nimwandike?

Mleta uzi

Marahaba kijana wangu. Swali lako ndilo bora kuliko yote humu, kwa hiyo nikujibu kwa urefu.

"Nisimulie historia yako" ni swali kubwa mno, hata mimi nisingelijibu. Usimuulize historia. Muwekee wimbo wao kwenye simu, mpe spika nzuri, kaeni kimya msikilize. Tarumbeta zikiingia, simamisha. "Babu, hapa mlikuwa wangapi? Wa kwanza ni nani?" Rudisha nyuma, cheza tena. Ikifika kwenye chemko, pale gita zinapokolea na waimbaji wanaanza kuitikiana, simamisha tena. "Hili gita la solo ni nani? Rhythm je?" Masikio ya mpigaji yanakumbuka ambayo kichwa chake kimesahau. Utaona anakurekebisha, anacheka, anaanza kuimba sehemu ya mwenzake.

Tarehe usimlazimishe. Mtu hakumbuki kama ilikuwa 1976 au 1978, ila anakumbuka kama ilikuwa kabla ya vita vya Kagera au baada, kama mtoto wake wa kwanza alikuwa amezaliwa, kama waliimba kwenye kampeni fulani. Andika alivyosema, halafu wewe ndiye ukatafute mwaka.

Muulize vyombo vilikuwa vya nani. Hapa ndipo utaielewa dansi ya Tanzania. Bendi nyingi zilikuwa za mashirika, jeshi, polisi, vyama. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha tangu 1983 ikawa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mpigaji alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na akihama anaacha gita, anaacha tarumbeta. Ndiyo maana 1985 wapigaji kadhaa wa Mlimani walipovutwa na Safari Sound mji mzima ulitikisika. Mwombe babu barua ya ajira kama anayo. Ina tarehe, ina cheo, na haisahau.

Picha: muulize waliosimama kutoka kushoto kwenda kulia, wote, na yule aliyekatwa nusu pembeni. Andika nyuma kwa penseli, usitumie kalamu ya wino. Andika jina la mtu na la baba yake. Lakabu peke yake haitoshi, maana kuna kina "King" na "Super" wengi na miaka ikipita hakuna atakayewatofautisha.

Kisha mtafute mwenzake mmoja aliye hai umuulize yale yale bila kumwambia babu kasema nini. Wakitofautiana, andika wote wawili.

Mchangiaji, Dar

Hivi majina yote hayo yana faida gani ya mfukoni kwa wazee?

Mleta uzi

Ipo. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mbaraka Mwinshehe, mtunzi wa dansi, alifariki kwa ajali Mombasa, Januari 1979. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa tungo zake unafika 2029. Marijani Rajabu, naye wa dansi, alifariki 1995, familia yake ina muda mrefu zaidi. Januari 2022 COSOTA, taasisi ya hakimiliki, iligawa mirabaha kwa wasanii ambao kazi zao zilipigwa hewani, na mgao kama huo unafuata kazi zilizosajiliwa na majina yaliyoandikwa. Mtunzi ambaye jina lake halipo popote, mwanawe atadai kwa ushahidi gani? Makala ya gazeti yenye jina, mwaka na bendi ni karatasi ya kuanzia.

Mchangiaji, Morogoro

Asante sana mkuu. Nikimrekodi babu, sauti naiweka wapi? YouTube?

Mleta uzi

Kwanza muulize yeye na familia kama wanaridhia kurekodiwa, na ridhaa hiyo uirekodi pia, mwanzoni kabisa, ukitaja tarehe, mahali na jina lake kamili. YouTube isubiri mpaka aseme sawa. Hifadhi faili lenyewe mahali pawili, usiliache kwenye simu tu, na usilitume WhatsApp kama muziki maana linabanwa. Nakala moja iweke kwenye flashi umwachie shangazi au yeyote anayekaa naye. Wengi tunaondoka na rekodi za wazee, familia inabaki haina kitu. Ukiwa tayari na majina ya waliokuwa kwenye picha, yalete hapa, kuna watu humu wa Morogoro wa umri ule wanaoweza kuwatambua.